German Shepherd wa miezi minane anachechemea: ni nyonga, ni kukua, au ni kupe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina German Shepherd dume wa miezi minane, tunaishi Arusha. Ni mkubwa, ana kilo 39, na kila anayeingia getini anamsifia. Tangu mwezi uliopita anachechemea, siku nyingine mguu wa nyuma, siku nyingine wa mbele, na asubuhi anapata shida kuinuka. Aliyeniuzia anasema ni kukua tu, niendelee na unga wa kalsiamu ambao nimekuwa nikimpa ili masikio yasimame. Jirani anasema hiyo ni nyonga, mbwa hawa wote huishia hivyo, bora nimchome sindano ya kumpumzisha kabla hajateseka. Nani mkweli? Na kwa mbwa wa aina hii nijiandae na magonjwa gani mengine?

JIBU: Marahaba, dada. Hilo la sindano liweke pembeni kabisa. Mbwa wa miezi minane anayechechemea ni mgonjwa wa kupimwa, si wa kuuawa. Hata picha ikija kuonyesha nyonga mbovu, mbwa wengi wenye tatizo hilo huishi miaka mingi wakitembea, wakilinda na kucheza na watoto, ilimradi mwenye mbwa ajue la kufanya. Jirani yako amekosea. Aliyekuuzia naye huenda amepatia nusu, na nusu aliyokosea ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Naanza na kalsiamu. Iache leo. Usipunguze taratibu, acha. Sikio la mbwa halina mfupa ndani yake, ni gegedu na misuli, kwa hiyo unga wa kalsiamu hauna kazi ya kufanya pale. Masikio ya German Shepherd husimama yenyewe, kwa kawaida kati ya miezi mitatu na sita, na si ajabu yakaanguka tena wakati meno yanabadilika kisha yakarudi juu. Kinachoathirika na unga huo ni mifupa inayokua. Utumbo wa mbwa mtu mzima huchukua kalsiamu inayohitajika na kuiacha nyingine ipite. Utumbo wa mtoto wa mbwa, hasa kabla ya miezi sita, hauna uwezo huo, nyingi ya unayompa inaingia mwilini. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walilionyesha hili miaka ya 1980 kwa watoto wa Great Dane: waliozidishiwa kalsiamu walipata mifupa na viungo visivyokua sawasawa. Mbwa wako anakula nini kila siku? Kama ni ugali na dagaa, wale dagaa wanaliwa na miiba yao, kalsiamu ipo. Kama ni chakula cha mfuko cha mbwa wadogo, ipo tayari na imeshapimwa. Ukiongeza unga juu yake unaharibu kipimo.

La pili ni kilo 39. German Shepherd dume aliyekomaa, kwa viwango vya kuzaliana vya aina hii, huwa na kilo 30 hadi 40. Wako ana miezi minane na ameshafika kwenye uzito wa baba yake. Najua watu wanamsifia, na najua inafurahisha kusifiwa mbwa. Lakini mfanyie hivi jioni ya leo: weka kiganja chako ubavuni bila kukandamiza, kisha kivute polepole kuelekea nyuma. Mbavu unatakiwa uzihisi moja moja chini ya ngozi. Halafu simama juu yake umtazame mgongoni, unatakiwa uone kiuno kikiingia ndani baada ya mbavu. Kama mbavu unazitafuta na kiuno hakipo, mbwa wako amenenepa, na kila kilo ya ziada inabebwa na viungo ambavyo bado havijakomaa.

Sasa tuje kwenye kuchechemea. Umeniandikia kitu kimoja cha maana sana bila kujua: kwamba mguu unabadilika, leo wa nyuma, kesho wa mbele. Nyonga mbovu haihamii mguu wa mbele. Kuchechemea kunakohama kwa German Shepherd dume wa kati ya miezi mitano na kumi na minane kunanifanya nifikirie kwanza panositaitisi, uvimbe unaotokea ndani ya mifupa mirefu wakati wa kukua. German Shepherd ndio wanaoongoza kwa ugonjwa huu, na madume ndio zaidi. Unauma kweli, mbwa anaweza kukataa chakula na kupata homa kidogo, lakini huisha wenyewe. Unaweza kudumu wiki kadhaa kwenye mguu mmoja, ukapoa, ukaibukia mwingine. Daktari huugundua kwa kubonyeza katikati ya mfupa, mbali na viungo: akifika penye tatizo, mbwa anageuza kichwa ghafla au analia. Picha ya eksirei huonyesha wingu jeupe ndani ya mfupa, ingawa siku za mwanzo linaweza lisionekane. Kwa hiyo aliyekuuzia akisema "ni kukua tu", huenda yuko karibu na ukweli. Ila "tu" hiyo haistahili kusemwa kabla mbwa hajapimwa.

Nyonga inajitambulisha kwa namna nyingine. Mtazame asubuhi anapoinuka: mwenye nyonga mbovu husimamisha miguu ya mbele kwanza, kisha anajivuta mpaka sehemu ya nyuma ifuate. Akikimbia, miguu miwili ya nyuma hutua pamoja kama ya sungura. Akikaa, anaegemea paja moja. Ukimtazama kwa nyuma baada ya miezi kadhaa, mapaja yamekonda huku kifua na mabega vimejaa, kwa sababu amehamishia uzito mbele. Ngazi anazipanda kwa kusita, na kwenye gari anasubiri ainuliwe.

Chanzo chake ni hiki. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae kimebana ndani ya kikombe cha nyonga. Mtoto wa mbwa huzaliwa na nyonga nzima, hata yule atakayekuja kuugua. Kinachorithiwa, na kinarithiwa kupitia vinasaba vingi kwa pamoja, ni ulegevu wa kiungo. Kadiri anavyokua, kichwa kinacheza ndani ya kikombe, kingo zinasagika, kikombe kinabaki na kina kifupi, na mwili unajaribu kukaza kiungo kwa kuota mifupa ya ziada pembeni. Hapo ndipo baridi yabisi inapoanza. Urithi hatuwezi kuubadilisha tena, lakini kasi ya kukua, uzito na mazoezi viko mikononi mwako, na vina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuna utafiti mmoja wa Marekani ambao huwa nauelezea kila mwenye mbwa mkubwa. Walichukua Labrador 48, wakawapanga wawili wawili wa uzao mmoja, na kuanzia wiki ya nane mmoja wa kila jozi akapewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, maisha yake yote. Chakula kilikuwa kilekile, kiasi ndicho kilichotofautiana. Waliokula pungufu walipata ugonjwa wa nyonga kwa uchache sana, baridi yabisi ikawachelewa, na wakaishi karibu miaka miwili zaidi: nusu yao walivuka miaka 13, wakati kwa wenzao ilikuwa miaka 11 na kidogo. Hakuna dawa ninayoijua ambayo ingemfanyia mbwa mkubwa hivyo.

Basi anza kupunguza chakula chake wiki hii, kidogo kidogo, na umpime uzito kila baada ya wiki mbili. Punguza ugali kwanza. Dagaa, nyama na maini yaliyopikwa usiyapunguze sana kwa sababu bado anajenga misuli, na misuli ya mapaja ndiyo inayoshika kiungo kilicholegea. Kama uwezo unaruhusu, chukua chakula cha mfuko kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wakubwa, maana kalsiamu na nguvu yake vimepangwa kwa ajili yao. Mtembeze kwa mkanda kwenye udongo au majani, matembezi mafupi mara mbili au tatu kwa siku. Asiruke kutoka kwenye pikapu, asikimbizane kwenye vigae vya barazani vinavyoteleza. Na kama anafungwa mnyororo mchana kutwa kisha usiku anaachiwa akimbie kwa fujo, badilisheni utaratibu huo: misuli inalegea mchana, halafu viungo vinabebeshwa mzigo wote kwa ghafla.

Daktari wa mifugo atakapompima, mwombe mambo haya. Kwanza abonyeze mifupa mirefu ya miguu yote minne kama nilivyoeleza. Pili apige picha ya nyonga na viwiko, mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, kwa sababu bila usingizi misuli hukaza na picha ya nyonga hudanganya. Viwiko usiviache: German Shepherd ana tatizo lake la kiwiko, ambapo kipande cha mfupa kwa nyuma ya kiwiko hakiungani na mfupa mkuu. Kilitakiwa kiwe kimeungana kufikia wiki ya ishirini, na wako ameshavuka, kwa hiyo kama kipo wazi picha itakionyesha na kinahitaji upasuaji. Kama eneo lenu hakuna mashine ya eksirei ya wanyama, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina hospitali ya wanyama ya kufundishia. Safari ni ndefu, lakini ni mara moja.

Tatu, na hili mara nyingi linasahaulika mbwa akija kwa kuchechemea: achukuliwe damu apimwe magonjwa ya kupe. Elikiosisi, unaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, unaweza kuvimbisha viungo na kumfanya mbwa achechemee, leo huku kesho kule. Na German Shepherd huupata vibaya kuliko aina nyingi. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935. Kenya uliwahi kupewa jina la ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu, kwa sababu mbwa walikuwa wakivuja damu puani bila kujeruhiwa. Wakati wa vita vya Vietnam uliwaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, na wengi wao walikuwa German Shepherd. Dalili zake ni homa, kukosa hamu, fizi kupauka, madoa mekundu tumboni, damu puani. Ukiwahiwa, antibayotiki iitwayo doksisaiklini kwa wiki nne hufanya kazi nzuri. Ukichelewa mpaka uboho ukaathirika, tunapoteza mbwa.

Kuhusu kupe wenyewe: kupe jike mmoja anaweza kutaga hata mayai 4,000, na hatagii juu ya mbwa, anashuka kwenye nyufa za banda. Kwa hiyo kumtibu mbwa bila kupulizia banda na kuziba nyufa ni kazi ya kurudia kila wiki. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vinavyolinda mwezi mmoja au hata mitatu. Ni ghali kwa kuangalia bei ya kidonge kimoja, lakini ulinganishe na gharama ya kumtibu elikiosisi.

Kuna dawa mbili za kukaa nazo mbali. Moja ni dawa ya maumivu ya binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na nimeona watu wenye huruma kabisa wakimpa mbwa anayechechemea vidonge hivyo kwa sababu viliwasaidia wao goti. Dawa za maumivu za mbwa zipo, daktari atakupa kwa uzito wake. Nyingine ni sindano ya ng'ombe ya aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu, ambayo wengi huinunua duka la dawa za mifugo na kukisia kipimo. Baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kinasaba inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Mbwa anaanza kuyumba, mate yanamtoka, macho yanatanuka haoni, anaingia usingizini na anaweza asiamke. Kipimo kidogo cha kukinga minyoo ya moyo ni salama kwao, hatari ni kipimo cha ng'ombe.

Picha ikithibitisha nyonga, wengi huendelea vizuri kwa uzito mdogo, matembezi ya kila siku na dawa za maumivu za vipindi. Ikishindikana, upasuaji wa kukata kichwa cha mfupa wa paja unawezekana huku kwetu: misuli hutengeneza kiungo cha bandia, na maumivu ya mfupa kusugua mfupa yanaisha. Kwa mbwa mwepesi matokeo ni mazuri zaidi kuliko kwa mzito, sababu nyingine ya kupunguza kilo zile.

Umeuliza pia kuhusu magonjwa mengine. Liko moja ambalo halitakupa muda wa kuandika barua, kwa hiyo lijue leo: tumbo kujaa gesi na kujipinda. Huwapata mbwa wenye vifua virefu na vya kina. Dalili kubwa ni mbwa anayejaribu kutapika mara kwa mara na hakuna kinachotoka zaidi ya povu. Anahangaika, hakai wala halali, tumbo linajaa nyuma ya mbavu na ukiligonga linalia kama ngoma, baadaye fizi zinapauka. Damu imekatika kwenye tumbo na zimebaki saa chache. Usimpe mafuta ya kula, usimpe magadi kama wanavyofanyiwa ng'ombe. Mpakie kwenye gari, na mtu mwingine ampigie daktari njiani ajiandae kwa upasuaji. Ndiyo maana nakusihi namba ya daktari anayepokea simu usiku iwe ukutani kabla ya siku hiyo. Na kama mlinzi wako humpa chakula chote mara moja usiku kwenye sufuria moja kubwa, mgawe mara mbili au tatu kwa siku, asikimbizwe mara baada ya kula.

Akifika mwaka mmoja mpaka miaka mitano, angalia kama anakula sana lakini anakonda, na kinyesi chake ni kingi, cha rangi ya kupauka, laini na chenye mafuta. Watu humpa dawa ya minyoo mara nne tano bila mafanikio. Mara nyingi kwa German Shepherd hii ni kongosho lililokufa, haliwezi tena kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Kuna kipimo cha damu cha kuthibitisha. Tiba ni vimeng'enya vya unga maisha yake yote, na pale visipopatikana au vinapozidi uwezo, kongosho bichi la ng'ombe lililosagwa linachanganywa kwenye kila mlo. Lazima liwe bichi, ukilipika vimeng'enya vinakufa, na linagandishwa vizuri tu kwenye friza. Lichukuliwe machinjio yenye mkaguzi wa nyama. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge usimpe kamwe, maana humo kuna minyoo inayopita kwa mbwa na kuja kutengeneza uvimbe mkubwa kwenye maini ya binadamu.

Kwa kuwa mko Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, macho nayo yatazame akishafika miaka mitatu hivi. German Shepherd hupata ukungu wa waridi au kijivu unaoanza ukingo wa nje wa jicho na kusogea katikati. Mwanga mkali wa jua unauchochea, na miinuko inauzidisha. Hautibiki kabisa, lakini matone ya kila siku na kivuli mchana huuzuia usifike kwenye mboni. Usipotibiwa, mbwa anapofuka.

Uzeeni, kuanzia miaka minane, akianza kukwaruza kucha za nyuma chini bila maumivu yoyote, mpaka zinalika kwa juu, si lazima iwe nyonga. Upo ugonjwa wa uti wa mgongo unaohusishwa na kinasaba kiitwacho SOD1, unaopoozesha miguu ya nyuma polepole. Na akizimia ghafla fizi zikiwa nyeupe, fikiria bandama iliyopasuka kwa uvimbe wa saratani. Haya yako mbali na mbwa wako wa leo, yabaki tu kichwani.

Mwisho ni suala ambalo hukuuliza ila utaulizwa hivi karibuni: kumhasi au kumpandisha. Kumhasi subiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Marekani, walionyesha mwaka 2016 kwamba German Shepherd waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo karibu mara tatu ya wale ambao hawakuhasiwa, kwa hiyo apite kwanza mwaka. Kumpandisha nako subiri. Shirika la OFA la Marekani, linalokagua picha za nyonga na viwiko vya mbwa, halitoi cheti cha nyonga kabla ya miezi 24, kwa sababu kabla ya hapo nyonga inaweza kuonekana nzima na isiwe nzima. Arudiwe picha akifika umri huo, ya nyonga na ya viwiko, na kama ni mbovu asizae hata akiwa mzuri kiasi gani machoni. Na majibu ya sasa, yawe mazuri au mabaya, mpelekee aliyekuuzia nakala yake, maana wazazi wa mbwa wako huenda bado wanazalishwa.